Kijiko Kilichorudi Kikavu

Maji ya bwawa lile hayakumpenda mtu. Yalitoka kisimani pamoja na mafuta, kampuni ikachukua mafuta, ikawaachia wenyeji maji. Ng'ombe akiyanywa asubuhi, jioni mnamchuna. Watu wa Pultor walisema hata mbu waliotua juu yake waliruka wakiwa wamelewa, wakaenda kuuma wasiowakusudia.

Inspekta Reath alichuchumaa ukingoni akitazama alama ya buti kwenye tope lililoanza kukauka. Nyuma yake Sajini Pitia, Mbari wa Juba aliyetumwa kumsaidia, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota mbuzi.

"Tumempata, afande. Buti ya kampuni, ona nyota kwenye soli. Mlinzi wa kisima anavaa hizohizo. Nimkamate?"

"Mkamate. Ukimaliza, mkamate na mchungaji."

"Mchungaji gani tena?"

"Wa kanisa. Jumapili alihubiri na buti za nyota. Halafu umkamate muuza chumvi, na mkunga. Kampuni ilipokimbia vita, stoo yao ilivunjwa, Sajini. Pultor nzima inatembea na buti za kampuni. Wengine wana za kushoto mbili."

Pitia alizitazama buti zake mwenyewe, alizozinunua sokoni juzi.

Katika bwawa hilo ndimo alimoibuka Puok Lam jana yake, na risasi moja kisogoni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fungu la jamii, yaani zile asilimia tatu ambazo sheria inawapa wenyeji wa ardhi yenye mafuta. Siku ya Alhamisi alimuaga mkewe kwamba anakwenda Juba kwa ndege ya mizigo, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Muuguzi wa zahanati, baada ya kuugeuza mwili na kuziba pua, alisema bila kusita: huyu hakupanda ndege yoyote. Aliuawa Alhamisi hiyohiyo.

"Mpelelezi!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya bwawa. Keah, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama huko na vijana wa ukoo wa Kuany, kila mmoja na bunduki begani, wametulia. Kelele zao Reath angezizoea. Utulivu ule ndio ulimtia baridi.

"Una mpaka ng'ombe watakaporudi zizini," Keah alisema. "Ukinipa jina la mtu, nitaiachia sheria yako. Usiponipa, jina ninalo. Dhol. Wote."

"Dhol wana watoto, Keah."

"Hata Puok alikuwa na watoto."

Koo hizo mbili, Kuany na Dhol, ziligombania Kisima cha Tisa tangu bomba la kwanza lilipochimbiwa. Dhol walidai ni chao kwa sababu babu yao alifunga ng'ombe pale. Kuany walidai ni chao kwa sababu babu yao alimfukuza babu wa Dhol palepale. Juba nayo ilidai ni chake kwa sababu ni Juba. Wakati wa vita kila upande ulikishika kisima kwa zamu, na kila aliyekishika aliwazika wenziwe pembeni yake, hivyo hoja zikazidi kuongezeka. Puok ndiye aliyesema imetosha. Fungu la jamii ligawanywe nusu kwa nusu, litangazwe hadharani, lisipite mfukoni mwa mtu yeyote. Kesho ya siku hii, mbele ya kamishna, koo zote mbili zilikuwa ziweke dole gumba kwenye mapatano hayo. Sasa aliyewakutanisha amelazwa chini ya turubai.

"Tuanzie wapi, afande?" Pitia aliuliza.

"Kwa yule aliyempikia."

*

Nyabuay, mjane wa Puok, alikuwa ameketi kwenye ngozi nje ya nyumba yake, kichwa kimenyolewa. Reath alisalimia, akaketi chini mbali kidogo, akasubiri. Pitia alitaka kuanza maswali. Reath akamgusa goti.

"Wewe si wa hapa," mjane alisema baadaye.

"Mimi ni wa upande wa Nasir, mama. Mnueri kama ninyi, lakini sina shangazi Kuany wala Dhol."

"Afadhali. Hapa kila mtu ana shangazi." Alifuta uso kwa kiganja. "Uliza."

"Baada ya Puok kuondoka, nani aliingia hapa?"

"Kamati. Jumamosi. Mwenyewe aliniachia agizo: wakutane hapahapa, wasome mapatano kwa mara ya mwisho, niwapikie. Ndivyo alivyowafundisha. Kuany na Dhol bakuli moja. Alikuwa akisema, 'Wakishindwa kugawana uji, mafuta watayaweza wapi?' Nikapika walwal, mtama mwororo, maziwa ya asubuhi."

"Wakala?"

"Wakala kama nzige. Bipal wa Dhol peke yake alikula sehemu ya watu watatu, akaimba." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea, kisha ukakaza tena. "Wote walikula ila mmoja."

Reath hakusogea. "Uliwaona wakila?"

Nyabuay alimkazia macho kana kwamba ametukanwa. "Mimi nikodolee wanaume wanaokula? Mamako alikulea wapi? Niliwawekea bakuli nikatoka. Lakini vijiko nilivikusanya mimi. Wote niliwapa vya pembe. Tuoch nilimpa cha bati, kwa kuwa ni msomi wa Dhol, katibu wa kamati, mtu wa tai. Vya pembe vilirudi vimejaa maziwa. Cha bati kilirudi kikavu kama nilivyokitoa."

"Alisema nini?"

"Aliniaga mlangoni. 'Samahani shemeji, jino linaniua.' Nikasema moyoni, jino gani linaogopa maziwa? Niliona ni dharau tu. Nikapanga nikimwona Puok nimwambie." Alipapasa kichwa chake kilichonyolewa. "Nilikuwa bado napanga hivyo."

Reath alisubiri mpaka pumzi zake zitulie. "Hilo la kijiko umemwambia nani?"

"Nani atajali kijiko? Wamekuja kuniuliza habari za bunduki."

*

Pitia alingoja mpaka wakafika njiani.

"Afande, nisaidie. Mtu kauawa, risasi, bwawa, mafuta. Sisi tumeandika kijiko."

"Kwenu Wabari, ukimuua mtu halafu ukale nyumbani kwake, inakuwaje?"

"Unakuwa huna haya."

"Kwetu unakufa." Reath alisema kwa sauti ileile ya kutaja hali ya hewa. "Damu ikimwagika kati ya watu wawili, ukoo wa muuaji na ukoo wa aliyeuawa hawagusi chombo kimoja. Si maziwa, si maji. Hata kwenye chungu walichokilia hao wengine, huli. Atakayekula, tumbo litavimba, na hakuna daktari. Wanasema hivyo, na nimeona watu wazima, makanali, wakitupa chakula kwa sababu hawakuwa na uhakika chombo kimepita wapi."

"Basi huyo Tuoch ana imani."

"Ndilo jambo linalonisumbua. Jumamosi, kwa walivyojua watu, Puok alikuwa hai. Kwa kila mtu wa Pultor alikuwa Juba, anakunywa soda. Damu ya vita ilishasuluhishwa, na hapakuwa na nyingine baina ya koo hizi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuacha walwal."

Pitia alisimama katikati ya njia.

"Ila aliyejua," alisema.

"Ila aliyejua. Au mwenye jino bovu. Twende tukaliulizie jino lake."

Walikwenda kwa Mama Hawa, mwanamke wa Darfur aliyeuza chai na mbuzi wa kuchoma kwenye kona ya soko. Alikuwa na kumbukumbu ya kila mlaji na ulimi wa kuisambaza.

"Tuoch? Jumamosi?" Alicheka akigeuza makaa. "Alikuja hapa mchana ametoka kwenye kikao chao, njaa imemtoa macho. Alikula paja zima la mbuzi. Mfupa aliutafuna, akaupasua, akaufyonza. Mbwa wangu aliketi hapo akimtazama, nikaona huyu mbwa leo anaona wivu."

"Hakulalamika jino?"

"Jino? Yule ana mataya ya fisi, Mungu amzidishie. Alilalamika chumvi."

Reath alilipa chai ambayo hakuimaliza. Kivuli cha mnara wa simu kilikuwa kimeshavuka soko na kuanza kupanda kuta za upande wa pili.

"Tumempata," Pitia alinong'ona.

"Bado. Atasema aliogopa sumu. Mtu wa Dhol, kwenye nyumba ya Kuany, siku chache kabla ya kutia saini. Mimi mwenyewe ningekuwa wakili wake ningesema hivyo."

"Na wewe utajibu nini?"

Reath alikaza mwendo kuelekea makazi ya Dhol. "Mimi sitajibu. Yuko mtu mwingine wa kumjibu."

*

Mzee Bipal alikuwa ndani ya banda lake kubwa la ng'ombe, ameketi juu ya majivu ya samadi, kiko kinywani, kitambi kimetulia mapajani kama mgeni aliyekaribishwa. Ndama walikuwa wamefungwa kwenye giza la nyuma. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, aliketi Tuoch, mtoto wa kaka yake, aliyelelewa naye tangu vita vimchukue babake. Alivaa koti la suti lililofungwa vifungo vyote. Joto lilikuwa la kuoka mkate, na jasho lilimtiririka shingoni, lakini koti halikufunguliwa.

"Karibu, mtu wa Nasir!" Bipal alinguruma. "Kaa. Huko kwenu mna mamba?"

"Tunao, mzee."

"Si wa kweli. Mwaka wa mafuriko makubwa, mamba aliingia humu ndani. Humu! Nikampiga konzi. Moja tu. Akalia kama mtoto, akarudi mtoni kuwasimulia wenzake. Tangu siku hiyo ng'ombe wangu wakinywa maji, mamba wanawapisha."

"Baba," Tuoch alisema kwa uchovu, "Inspekta ana kazi."

"Na mamba alikuwa na kazi. Uliza, mwanangu, uliza."

Reath alikaa juu ya gogo. "Nataka kujua habari ya Jumamosi, mzee. Kikao cha nyumbani kwa Puok. Ulikula?"

"Swali gani hilo! Walwal ya Nyabuay? Nilikula mpaka nikalegeza mshipi. Nikaimba wimbo wa ng'ombe wangu. Waulize Kuany, walinisifu hata wao, na wale hawajui kusifu." Kicheko kilififia. "Puok alikuwa mtu. Nilimpinga mwaka mzima, lakini alikuwa mtu. Huyo aliyemuua amenichoma na mimi. Kesho nilikuwa niweke dole langu kwa furaha."

"Nani aliketi karibu nawe?"

"Huyu hapa. Kulia kwangu. Maskini alikuwa anaumwa jino."

"Jino lipi, Bwana Tuoch?"

"La nyuma," Tuoch alisema. "Limepoa."

"Limepoa haraka. Saa hiyohiyo lilipasua mfupa wa mbuzi kwa Mama Hawa."

Ndama mmoja alikohoa gizani. Tuoch alitabasamu, tabasamu la mtu aliyesoma Khartoum na anayejua kwamba kila swali lina mlango wa nyuma.

"Sawa, Inspekta. Sikutaka kumwaibisha mama wa watu aliyefiwa. Niliogopa sumu. Wewe hujui siasa za hapa. Kuna watu ndani ya Kuany hawakutaka mapatano. Nikaona niwe mwangalifu. Hilo ni kosa?"

"Hapana," Reath alisema. "Hata mimi ningeogopa."

Akatoa leso, akafuta mikono polepole, kidole kwa kidole, kama mtu aliyemaliza maswali. Pitia alimtazama bosi wake kwa hasira: mtu yumo mkononi, naye anafuta vidole!

Kiko cha Bipal kilikuwa kimezimika. Mzee hakukiwasha.

"Sumu," alisema.

"Ilikuwa wasiwasi tu, baba."

"Ulidhani chakula kina sumu."

"Nilisema wasiwasi..."

"Na mimi nilikuwa nakula." Bipal alizungumza taratibu, kama anayehesabu ng'ombe na kukuta mmoja hayupo. "Nilikuwa kushoto kwako. Nilijaza kinywa, nikakuambia, kula mwanangu, utakufa na elimu yako. Ukaniambia jino. Bakuli lilipofika kwako, ulilisukuma kwangu. Kwa mkono wako, Tuoch. Mtu akidhani chakula kina sumu, anamsukumia babake?"

"Baba, usiyasikilize haya. Huyu polisi anatugombanisha."

"Polisi hajasema kitu. Amekaa anafuta vidole. Ninayesema ni mimi." Mzee alijiinua kwa shida, majivu yakimwagika mapajani. "Kama ingekuwa sumu ungenikanyaga mguu. Ungepiga chafya, ungemwaga bakuli, ungesema nyoka! Njia ni elfu. Sumu inasemeka. Ni jambo gani hilo ambalo mtu hawezi kumwambia babake hata kwa kumkanyaga mguu?"

Tuoch alishika kifungo cha juu cha koti lake, kana kwamba kuna baridi.

"Vua koti."

"Baba, haya ni mambo ya zamani. Sisi ni Wakristo..."

"Vua koti!"

Ndama waliruka kwenye kamba zao. Tuoch alifungua vifungo, kimoja kimoja, na alipolitoa koti begani uso wake ulikunjika kwa maumivu. Kwenye mkono wa kulia, kuanzia begani kwenda chini, palikuwa na mkato mmoja mrefu, umenyooka, umeanza kushika gamba. Haukuwa wa ajali. Ulikatwa na mtu mwenye kazi yake.

Pitia alimgeukia Reath. Reath akamjibu kwa sauti ya chini: "Kazi ya mzee wa ngozi ya chui, msuluhishi wa damu. Mwuaji haruhusiwi kunywa hata maji mpaka achanjwe mkono, damu ya aliyekufa imtoke, na hata hapo kula na ukoo wa marehemu bado ni mwiko. Alikwenda mbali ili asijulikane."

"Kama ni mambo ya zamani," Bipal alisema, "huo mkono umechanjwa na nani? Daktari?"

Tuoch alijishika mkato kwa kiganja. Alipozungumza, ile sauti ya mikutano ilikuwa imemtoka. Ilibaki ya mtoto aliyefika katika banda hili bila baba. "Mnadhani ni mimi peke yangu? Wako watu Juba. Walisema kisima kikiandikwa cha Dhol, fungu lote litapitia kwangu. Dhol wangepata yote, baba, si nusu! Nilimwomba Puok. Nilimsindikiza uwanjani nikimwomba njia nzima. Alinicheka. Wako wakubwa nyuma ya jambo hili, Inspekta, majina yao huwezi hata kuyaandika."

"Nitajaribu kuyaandika," Reath alisema. "Sajini."

Pitia alimfunga pingu, kwa uangalifu, asiuguse mkato.

"Wakubwa wa Juba," Bipal alisema. Alikuwa ameweka mkono tumboni, kama mtu anayesikiliza kitu ndani. "Hao hawakula pale. Mimi nilikula. Ulikwenda ukajisafisha wewe, ukarudi, ukaketi kando yangu, ukaniona nikila. Nikaimba, Tuoch. Ukaniona nikiimba."

Nje, kengele za ng'ombe zilianza kusikika upande wa mto.

*

"Kaa, mzee," Reath alisema mlangoni. "Jina nitalipeleka mimi. Ni kazi yangu."

"Jina la mtoto wangu halitatoka kinywani mwa polisi." Bipal alikuwa ameshatoka, bila fimbo, bila bunduki, akipepesuka juani.

Keah na vijana wake walikuwa wamefika ukingo wa makazi ya Dhol. Ng'ombe walikuwa wanapita katikati yao wakielekea zizini, na vumbi lao likawafunika wote. Wanawake wa Dhol walikuwa wameshaanza kuwasukuma watoto ndani. Reath alitembea nyuma ya mzee hatua moja, mikono wazi, akiwaza kwamba mahakama zote alizowahi kusimama zilikuwa na kuta, na hii haina.

Bipal alisimama mbele ya mtutu wa Keah.

"Ni Tuoch," alisema. "Ni wangu. Polisi wanaye."

Kidole cha Keah kilikuwa juu ya kifyatulio. "Peke yake?"

"Mwulize huyu."

"Nakuuliza wewe, Bipal. Ni mkutano gani wa Dhol uliomtuma?"

Mzee alifunua viganja vyake vitupu. Reath akasogea.

"Keah. Wazee wote wa Dhol walio kwenye kamati walikwenda nyumbani kwa kaka yako Jumamosi. Kaka yako alikuwa ameshakufa. Nenda kamwulize shemeji yako vijiko vyao vilirudi vipi."

Keah hakugeuza macho kutoka kwa Bipal. Vijana nyuma yake walianza kutazamana, kwa kuwa wao pia walikuwa wana wa mama zao na walijua hesabu ile.

"Ulikula kwa Puok?" Keah aliuliza.

"Nilikula."

"Baada ya damu?"

"Nilikula mpaka nikalegeza mshipi."

Ng'ombe wa mwisho alipita, mweupe, akawapangusa wote wawili kwa mkia. Keah alimtazama mzee usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena. Aliushusha mtutu taratibu mpaka ukaelekea udongoni.

"Basi hamkujua," alisema.

Akawageukia vijana wake, akawaambia wakafunge ng'ombe. Wa kwanza alisita, wa pili akatii, halafu wote wakaanza kurudi. Keah mwenyewe alibaki nyuma kidogo.

"Mzee, nenda kwa mwenye ngozi ya chui leo, kabla ya giza. Mwambie ulivyokula, akutoe hiyo damu. Usichelewe." Alitupa bunduki begani. "Kesho tuna kisima cha kugawa, na mimi nataka mtu wa kugombana naye awe hai."